Risasi Iliyokwenda Kulia

Nilimpiga shemeji yangu risasi ya mguu saa tisa mchana, jua likiwaka, mbele ya ng'ombe na watu. Nimeanza hapo makusudi. Pale kwetu Ruiri watu wameizungusha hadithi hii vya kutosha, kila mtu na yake, na nimechoka kuisikia ikirudi kwangu ikiwa imeota mikia. Mguu ulikatwa chini ya goti siku ya tatu. Aliyekatwa ni kaka ya mke wangu, ndugu pekee aliyebakiwa naye, na shamba lake na langu yanatenganishwa na mstari mmoja wa mikaratusi.

Mimi ni mkulima. Ngano kidogo, viazi, maharagwe, ng'ombe wachache wa maziwa na wengine wa kienyeji wanaolishwa huko chini kwenye nyika. Lakini upande wetu, mahali mashamba yanapoishia na malisho yanapoanzia, wezi wa mifugo huja, na serikali haiwezi kuweka askari kila kichaka. Kwa hiyo huchagua watu wachache kila kijiji, inawafunza wiki kadhaa, inawapa bunduki na kuwaita polisi wa akiba. Yangu ilikuwa ndefu, nyeusi, nzito begani kuliko jembe. Ilikuwa ya kujipakia yenyewe: ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, nyingine inaingia mahali pake, na wewe unavuta tena bila kushika kitu kingine. Nilikaa nayo miaka sita. Kila mwaka tulipelekwa kupiga shabaha na sikuwahi kuaibika. Nilijisifu, hata, na nilijisifu sana.

Nina hasira za karibu. Sijivunii, lakini sitajificha pia. Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimegombana na shemeji juu ya maji. Bomba la mradi hupita kwake kabla halijafika kwangu, na kiangazi kile ilifika wiki ya tatu sijaona hata tone. Nikavuka mikaratusi, nikakuta sukumawiki yake inameremeta na mfereji wake umejaa. Sikumngoja afike nyumbani. Nilimfuata hadi barabarani, pale watu wanaposubiri gari la maziwa, nikamwambia, "Wewe endelea tu. Iko siku nitakufunza."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Utanifunza na nini? Na hiyo bunduki ya serikali?"

Watu wakacheka. Ningecheka pia, yangeishia hapo. Badala yake nikasema, "Ukitaka, hata na hiyo."

Maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu na yalisikiwa na watu zaidi ya kumi, kila mmoja na mkebe wake wa maziwa. Mke wangu aliletewa habari kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akamenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji, kisha akaniuliza kama najua nimemtishia nani. Nikamwambia aniache. Tangu siku hiyo mimi na kaka yake tulisalimiana kwa kidevu tu, kama watu wanaopishana sokoni.

Sasa ile siku yenyewe. Shemeji alikuwa amewapeleka ng'ombe wake na wangu kunywa maji kwenye bwawa la chini. Ndiyo, na wangu. Tulikuwa hatusemezani lakini ng'ombe hawakuwa na ugomvi, na zamu ilikuwa yake. Mimi nilikuwa kwenye mwinuko, karibu hatua mia mbili, chini ya mgunga. Wezi walikuwa watatu. Walitoka korongoni, mmoja akiwa na panga, mmoja na rungu, wa tatu sikuona alichoshika. Wawili walianza kuwaswaga ng'ombe. Yule wa panga alimwendea shemeji, akamshika shati, wakawa wanavutana. Mwizi alikuwa upande wa kushoto, shemeji kulia, kati yao urefu wa mkono mmoja.

Nilifundishwa kwamba mtu akiwa karibu na mwenzako hivyo, humlengi yeye. Unapiga ardhi mbele ya miguu yake, vumbi liruke, akili imrudie. Nilipiga magoti. Nikaweka kitako begani, nikatazama, nikalenga udongo mwekundu mbele ya viatu vya yule mwizi. Nilivuta pole pole. Vumbi sikuliona. Niliona shemeji akikaa chini ghafla, kama mtu aliyeondolewa kiti. Wezi walikimbia wote watatu bila ng'ombe hata mmoja, na mimi niliteremka nikikimbia, na nilipofika alikuwa ameshika mguu kwa mikono miwili. Hakulia. Aliniangalia, akasema neno moja tu la Kimeru ambalo ni sawa na kusema, umelitimiza.

Neno hilo ndilo aliloandikisha polisi. Alisema nilimtishia mbele ya watu, na mashahidi wapo, na nilipopata nafasi nilipiga. Mkubwa wa kituo aliichukua bunduki, akahesabu risasi, akaiweka kabatini. Mimi niliandika maelezo yangu: nililenga kushoto, risasi ikaenda kulia. Afisa aliyekuwa akiandika aliinua macho. "Mzee, risasi haipindi kona." Nikamwambia bunduki ina kasoro. Akasema kila anayepiga vibaya husema hivyo.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Sikuwa na hakika. Mchana niliapa kwamba nililenga udongo, lakini nikiwa peke yangu shambani nilijiuliza kama mkono wangu ulijua kitu ambacho kichwa hakikujua. Nilikuwa bado na hasira naye siku ile. Nilipokuwa nimepiga magoti chini ya mgunga nilimwona amevaa buti mpya za mpira, na nikawaza kwamba hizo ni za kukanyagia maji yangu. Niliwaza hivyo nikiwa na kidole kwenye kifyatulio. Mtu aliyewaza hivyo anaweza kujiamini vipi? Nilitaka bunduki iwe mbovu. Niliiombea ubovu kanisani, Mungu anisamehe, nikiwa nimesimama kando ya mke wangu anayemwombea kaka yake.

Mke wangu alikuwa katikati yetu na alikonda kwa ajili hiyo. Shemeji alipotoka hospitali hakurudi nyumbani. Alipangiwa chumba nyuma ya maduka ya Makutano ili awe karibu na mahali pa kubadilishiwa bandeji. Kila baada ya siku moja mke wangu alipanda gari na kikapu cha chakula, akaenda kumfulia na kumsafisha kidonda. Nikimuuliza anaendeleaje, anasema, "Anaendelea." Alikuwa ameambiwa na kaka yake achague: kama anaamini risasi ile ilikuwa ajali, asimpelekee tena chakula. Na alikuwa hajamjibu. Alienda tu akiwa na kikapu chake, na akarudi kulala katika nyumba ya mtu aliyempiga ndugu yake.

Basi nilikwenda kituoni kila Jumatatu, nikasimama mlangoni mpaka nikachukiwa. Nilipiga kelele. Nilimwambia mkubwa wa kituo kwamba kama ni mahakama nipelekwe, lakini bunduki ipimwe kwanza, na ipimwe na mtu anayejua. Wiki ya nne alichoka na mimi. Akaleta fundi wa silaha.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sajini, mwenyeji wa Embu, mfupi, na miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo. Tulikwenda naye na konstebo mmoja hadi kwenye bonde kavu ambako polisi hupigia shabaha. Alipanga magunia mawili ya mchanga juu ya meza ya mbao, akasimamisha karatasi ya shabaha hatua mia moja, kisha akanigeukia.

"Kabla sijauliza bunduki, nauliza wewe. Unavuta kifyatulio ama unakinyakua?"

"Navuta."

"Wote husema wanavuta. Kaa hapo upige tano."

Nilikaa. Mikono ilinitetemeka, sina haja ya kuficha. Nilipiga tano nikilenga katikati. Alizitazama kwa darubini, akaenda mwenyewe hadi kwenye karatasi na kurudi. Risasi zote zilikuwa kulia. Lakini zilikuwa zimetawanyika, na akasema mtetemeko wa mikono yangu peke yake ungeweza kuzitawanya hivyo. Kisha akaniambia niondoke, akakaa mwenyewe.

Huyo mama alijua kupiga. Alipumua, akatulia, akavuta, na alikuwa anangoja kidogo kati ya risasi moja na nyingine kama mtu anayesikiliza uji kama umeanza kuchemka. Akapiga tano. Zote kulia.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi mpaka machozi yakanijia, na palepale nikaona aibu, kwa sababu kuna mtu Makutano hana mguu na mimi nafurahia mashimo kwenye karatasi.

"Usikimbilie," akasema. "Bado sijajua ni nini."

Alianza na vitu rahisi. Alitoa risasi zile za magazini yangu, akaweka zingine alizokuja nazo kwenye sanduku lake, kwa sababu risasi zikikaa kwenye unyevu huenda zinavyotaka. Akapiga. Bado kulia. Akatazama mdomo wa mtutu kwa kioo kidogo, akipitisha ncha ya ukucha ukingoni, akitafuta kama nimewahi kuusimamisha kwenye mawe ukapata jino. Haukuwa na jino. Akapitisha kitambaa ndani ya mtutu, kikatoka na masizi kidogo tu. Akasema hapo nimejitahidi, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kunisifu tangu balaa hilo lianze. Akashika kile kidude cha kulengea cha nyuma, akakitikisa kwa nguvu, hakikucheza. Cha mbele pia. Akakaza skrubu moja ya kitako ambayo haikuhitaji kukazwa. Konstebo alianza kupiga miayo.

Kisha alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Aliacha bunduki ipoe kabisa, tukanywa chai ya chupa yake, halafu akapiga risasi kumi kwa haraka, akiandika kwenye daftari kila moja ilipogonga. Akaniita nione.

"Tazama. Za kwanza ziko kulia kiasi hiki. Kadiri mtutu unavyopata moto, zinazidi kwenda kulia. Mlengaji mbaya hawezi kukosea kwa mpango namna hii. Kuna kitu kinausukuma huu mtutu, na ukipata moto kinausukuma zaidi." Akagonga kishikio cha mbele kwa kidole, kile cha plastiki ngumu ambacho mkono wa kushoto hukamata. "Hii bunduki imeundwa mtutu uelee. Usiguswe na kitu chochote hapa chini. Wewe umetoa hiki kishikio mara ngapi?"

"Sijawahi."

"Miaka sita?"

"Tulifunzwa kinachoshikwa na pini tusikiguse."

Alinitazama juu ya miwani. "Baba, mlifunzwa hivyo kwa sababu wengi wenu hupoteza pini."

Aligonga pini kwa kinyundo kidogo, ikatoka. Kishikio kilikataa kuteleza. Akakivuta kwa nguvu, kikatoka kwa sauti ya kitu kinachobanduka, na hapo tukaona. Upande wa kushoto, katikati ya plastiki na mtutu, palikuwa na kitu kimebanwa, kinene kama kidole gumba. Kilikuwa kimefungwa kwa nailoni ya pakiti ya maziwa, na nailoni ilikuwa imeyeyuka kwa joto ikagandamana na chuma. Alikibandua kwa ncha ya kisu, akaifungua nailoni. Ndani palikuwa na karatasi ya daftari ya mistari, imekunjwa mara nyingi mno, na kingo zake zimeungua rangi ya kahawia.

Aliikunjua. Ilikuwa ya Kimeru, na Kiembu na Kimeru havijaachana mbali. Aliusoma mstari wa kwanza, akanipa.

Niliujua mwandiko kabla sijajua maneno. Ni mwandiko unaoandika orodha ya sukari na chumvi na mafuta ya taa nyumbani kwangu tangu nioe. Mke wangu alikuwa ameandika tarehe ya siku ileile ya ugomvi wa maji. Chini yake majina mawili, langu na la kaka yake, la kaka yake likiwa la kwanza. Halafu: Murungu, Mungu wetu, walinde hawa wawili, ndio nilio nao. Mmoja anaenda na bunduki, mmoja anaenda na ng'ombe. Toa hasira katikati yao. Usikubali mkono wa mmoja umguse mwingine.

Fundi alirudisha kishikio bila kile kitu, akakaza pini, akapiga tano. Alikwenda kuzitazama, akarudi na karatasi ya shabaha, akaiweka mezani. Mashimo yote matano yalikuwa katikati. Ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya chai.

"Hatua mia mbili, na mtutu umesukumwa hivyo," akasema, "ukilenga miguu ya mtu, unampata aliye kando yake."

Nilikaa kwenye gunia la mchanga. Nilikuwa nimeomba jibu mwezi mzima na sasa nilikuwa nalo mkononi, limeandikwa kwa kalamu ya buluu. Nilielewa yote bila kuelezwa. Mke wangu alikuwa amengoja nitoke, akaisukuma karatasi kwenye ule upenyo wa mbele wa kishikio kwa sindano ya kufumia, kwa sababu alijua nikiiona nitaitoa na kumcheka. Mimi ndiye niliyefungua mdomo pale kwenye gari la maziwa, ndiyo maana akaandika. Na alipoandika, ndiyo maana risasi ikaenda kulia.

"Ni ya nani?" konstebo akauliza.

"Ya nyumbani," nikasema.

Sajini alifunga sanduku lake. "Nitaandika nilichoona. Kitu kigeni kilikuwa kinasukuma mtutu, na kimetolewa. Nani alikiweka, hiyo si kazi ya fundi." Akanisogezea ile karatasi kwa kidole. "Hii si ya serikali. Weka."

Waliniacha Makutano nilivyowaomba. Njiani nilikuwa nimeapa kwamba nitamwambia shemeji habari ya bunduki tu, na karatasi ibaki mfukoni, niichome jioni jikoni kukiwa hakuna mtu. Nilimkuta ameketi nje ya chumba chake kwenye kiti cha plastiki, mguu umewekwa juu ya kreti ya soda, au tuseme kilichobaki cha mguu. Kando yake palikuwa na bakuli lenye kitambaa, naye alikuwa hajamaliza kula. Nililijua bakuli, ni la nyumbani kwangu.

"Umekuja na bunduki?" akasema.

"Nimekuja mikono mitupu."

"Basi kaa."

Nilikaa juu ya jiwe. Nikamwambia yote kuhusu bonde, magunia ya mchanga, sajini, risasi kumi. Alinisikiliza akitazama magari ya barabarani. Nilipomaliza alisafisha koo.

"Serikali ikikosea husema chombo kimeharibika."

"Sajini alipiga mwenyewe. Si mimi."

"Na ilikuwaje hiyo bunduki ikajua mimi ndiye uliyegombana naye? Kulikuwa na watu wanne pale, shemeji. Ilichagua mimi."

Nilisimama. Hasira ilikuwa imenifika kooni, na nilikuwa na jibu tayari, jibu baya, la kumwambia kuhusu maji yangu. Nikageuka niende. Nilipiga hatua labda sita. Na nikaona kwamba nikifika barabarani nitakuwa nimemaliza mambo kabisa, na mke wangu atakuja hapa na kikapu chake mpaka siku atakaposhindwa, akilia kwa pande zote mbili. Nikarudi. Nikatoa karatasi, nikampa.

Aliisoma midomo ikisogea. Akaigeuza aone kama nyuma kuna kitu, akairudia mwanzo. Alichukua muda mrefu kwa karatasi yenye mistari sita.

"Hii ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono wangu wa kushoto, nikiwa nimeshika hewa. "Hapa ndani. Inasukuma mtutu."

"Alikuwa anatuombea."

"Sisi wawili. Wewe wa kwanza."

Aliiweka karatasi kwenye paja la mguu wake mzima, akaipigapiga kunyoosha mikunjo, na machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. Sikuwahi kumwona akilia, hata mama yao alipozikwa. "Huja hapa," akasema. "Huniosha hiki kidonda. Hupiga magoti hapo chini kwa simenti, anaosha, na mimi namwambia achague." Akaitazama tena karatasi. "Anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie."

"Sikupanga kumwambia. Hata wewe sikupanga."

Magari yalipita. Makanga wa Nanyuki alikuwa anaita abiria ng'ambo ya barabara. Shemeji akaniuliza swali ambalo hakuna afisa aliyewahi kuniuliza.

"Siku ile, ulikuwa bado na hasira na mimi?"

"Ndiyo. Niliona buti zako mpya, nikakasirika tena."

"Na ulilenga wapi?"

"Udongo. Mbele ya yule aliyekushika shati."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nije. Nadhani kama ningesema sikuwa na hasira, hangeniamini lile la pili.

"Sawa," akasema. "Nitaenda kituoni niandike upya. Lakini wewe usikae ukifikiri mguu umerudi."

"Sifikiri hivyo."

"Mimi ninaamka bado nataka kuukuna." Kisha akaniambia nipeleke bakuli nyumbani.

Alirudi Ruiri baada ya wiki tatu. Jumapili ya kwanza, baada ya kanisa, alivuka mikaratusi kwa magongo yake, polepole, akasimama mlangoni kwangu na kusema hodi. Mke wangu alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akamwona, akaniona na mimi nikisimama kumvutia kiti. Alirudi jikoni. Tulimsikia akipenga kamasi kwa muda, halafu tukasikia sufuria.

Tulikula mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na mchuzi wa kuku. Shemeji alikula vizuri. Mkubwa wa kituo alikuwa ameniita mwezi huo kunirudishia bunduki, na mke wangu aliuliza kama ni kweli, na kama waliona tatizo lake. Nikamwambia ndiyo, kulikuwa na kitu kimelegea wakakikaza. Ni uongo pekee niliowahi kumpa kwa moyo mweupe.

"Mimi nilijua si moyo wako," akasema. "Nilijua tu, na sikuweza kuwaambia nilijuaje." Alifuta mikono kwenye leso, akaona haya kidogo. "Nilikuwa nimeweka ombi ndani ya hiyo bunduki, lenu nyote wawili. Ile siku ya maji. Msilione la ujinga. Kama si hilo, risasi ingepita juu, kifuani, na leo hamngekuwa mmeketi hapa pamoja. Mungu aliishusha ikaenda mguuni."

Niliinamia sahani.

"Labda fundi alikitoa akakitupa hicho kikaratasi," akaendelea. "Lakini nitaandika lingine. Kubwa zaidi. Nitalisukuma mbali asilione mtu."

Niliinua kichwa nikamtazama shemeji. Shemeji aliweka kijiko chini.

"Andika," akamwambia dadake. "Lakini usiweke kwa bunduki. Mpe aweke mfukoni mwa shati."

"Kwa nini?"

"Bunduki ni ya serikali. Kesho wanaweza kuichukua wampe mtu wa Laare huko, aende na majina yetu. Mfuko ni wake."

Mke wangu alifikiria. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, na nikaogopa kwamba ataona kitu usoni mwangu, kwa sababu uso wangu haujui kuficha. Kisha akasema, "Hapo umesema kweli." Akainuka, akatoa daftari la orodha za duka juu ya kabati, na kalamu, akasogeza sahani yake, akaanza kuandika pale pale mezani, polepole, akiuma ulimi kama afanyavyo. Aliandika jina la kaka yake, akaandika langu. Akaandika mistari kadhaa. Halafu akauliza kama kuna kitu tungependa aongeze.

"Ongeza jina lako," shemeji akasema. "Hukuliweka."